Makaayi ya Mpakani

Mimi nilichagua ua kwa uvivu. Wengine huchagua kwa rangi, wengine kwa harufu. Mimi niliangalia jerikeni la lita ishirini, nikaangalia kilima kinachotoka kwenye bomba hadi kwetu, nikajiambia kwamba katika Uganda nzima hapakosi ua lisilokunywa maji.

Tunakaa juu ya Ggaba, pale ambapo harufu ya samaki inakufikia kabla hujanawa uso. Mama alitoka Kenya, upande wa Kakamega, akafanya kazi za watu hapa Kampala mpaka akapata kibanja kidogo kama leso. Akajenga vyumba viwili na jiko. Vyumba ni vya kulala tu. Jiko ndilo nyumba. Ni la matofali, lina tanuri la udongo lenye midomo miwili, na dirisha pana ambapo mama anawauzia watu wa mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshusha samaki, maharage, chapati, na ile chapati ya kukunjwa na yai ndani ambayo hapa tunaiita roleksi. Karo yangu inatoka kwenye lile tanuri. Hata sare yangu inanuka kitunguu, na darasani wananiita hoteli.

Sasa mama alitaka maua. Alisema mteja akiona ua mbele ya jiko anajua mpishi ananawa mikono. Akapanda waridi kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, akanikabidhi. Kiangazi kikaja. Niliyapa yale mawaridi maji ya kuoshea mchele, na siku nyingine niliyapa ahadi. Yakafa.

"Umeniulia waridi," mama akasema.

"Yamejiua, mama. Mimi nilikuwa shule."

Nilikwepa mwiko, lakini sikukwepa kazi. Ndipo nikayakumbuka makaayi. Hilo ni jina la Kiganda. Ni ua la manjano, kama alizeti lililorudia darasa mara nyingi mpaka likabaki dogo. Linaota lenyewe kwenye ukingo wa barabara ya kushukia mwaloni. Jani lake linakwaruza kama ulimi wa paka. Wanawake wa hapa hulisaga na kulibandika kwenye kidonda damu ikatae kutoka. Hakuna anayelipanda. Malori yanalimwagia vumbi, mbuzi wanalionja, na nyasi zote zikishageuka rangi ya mkeka, lenyewe bado lipo.

Mvua zilipoanza nikaenda na panga, nikachimbua mashina pamoja na mizizi, nikakata mabua yabaki mafupi kama kiganja. Nikayapanda kwa safu pembeni kabisa mwa kiwanja chetu, kwa sababu huko ndiko miguu ya wateja haikufika. Palikuwa na miti michache ya mulamula, ile yenye majani marefu kama ya mahindi, imesimama mmoja hapa, mwingine kule, kuteremka hadi bafuni. Nikaifuata kama mtu anayefuata mstari wa daftari. Nikamwagilia mpaka yakashika, halafu nikayaacha. Ujuzi wangu wote wa bustani uliishia hapo. Ua lingine ukiliacha linakufa. Hili ukiliacha linakushukuru.

Yakachanua, safu nzima ya manjano. Kiangazi yakakauka hadi yakawa vijiti, mama akasema, "Haya, na hayo?" Mvua ikarudi, na kwenye kila fundo la zamani vikatoka vichipukizi vingi kuliko mwanzo. Mwaka uliofuata vilevile. Nikaanza kutembea kama bwana shamba.

Mtu wa kwanza kuyapenda alikuwa jirani yetu wa upande huo, mzee Mganda anayefuga sungura. Sungura na makaayi ni kama mimi na roleksi. Kila mara alisimama upande wake na gunia na kisu, akaniita binti kwa Kiganda, "Muwala, nipe makaayi kidogo. Sungura yangu nalala njaa." Katika Kiswahili chake "na" moja iliwatosha watu wote, na sungura pia.

"Kata, mzee, lakini uache mafundo."

"Najua. Mafundo ndiyo mama yao."

Tuliishi hivyo, yeye akikata, mimi nikijisifu. Halafu nyanya akaja.

Nyanya ni mama yake baba. Baba hayupo, na hiyo ni hadithi ya mtu mwingine, lakini nyanya hakuacha kuwa mama mkwe wa mama yangu. Aliteremka kwenye basi kutoka Kenya katikati ya kiangazi, kuku kwapani, ufagio mkononi. Ndiyo, alisafiri na ufagio. Hakuamini kwamba Uganda wana ufagio.

Kesho yake mama alikwenda mwaloni kununua samaki, mimi nikaenda shule. Niliporudi sikuutambua uwanja wetu. Ulikuwa umefagiliwa kote, ukasiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu mpaka ukang'aa kama sakafu ya kanisa. Vijiti vyangu vya makaayi vilikuwa vimevunjwa chini kabisa, usawa wa ardhi, vikafungwa mzigo wa kuni, na vingine vilikuwa tayari vinawaka. Na mlangoni mwa jiko, ndani ya ile mikebe iliyokuwa ya waridi, ilisimama miti yote ya mulamula. Majani yake yalikuwa yamepanguswa kwa mafuta.

"Mke mwenza," nyanya akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "umeona? Kitu kizuri hivi mmekitupa kule pembeni na mbuzi!"

Sikujua nicheke au nikimbie. Kabla sijaamua, mama akaingia na beseni la samaki kichwani. Akaona ile mikebe. Hakutua beseni.

"Mama," akamwambia nyanya polepole, "hii miti umeing'oa wewe?"

"Kwa jembe. Ilikuwa kaidi. Yale maua ya huyu mtoto ndiyo yalinishinda mizizi, nikayavunja tu."

"Mama, huo ni mpaka."

Nyanya akaangalia mikebe, akaangalia pembeni. "Mpaka gani hauna miiba?"

Kwao mpaka ni mkonge. Ukiukosea unakuchoma, basi, umefundishwa. Hapa Buganda mpaka ni mulamula. Unapandwa mbele ya watu, wenye ardhi wa pande zote mbili wakishuhudia. Kuung'oa si usafi. Ni kumwambia jirani yako kwamba kuanzia leo ardhi yake umeitaka.

Jirani alikuja kabla jua halijashuka. Hakupiga kelele. Alisimama akaitazama mikebe, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetambua maiti.

"Nnyabo," akamwambia mama kwa heshima, "mimi nakaa na wewe vizuri. Mutoto yako nanipa majani. Sasa wewe natangaza vita?"

Mama alipiga magoti. Wanawake wa hapa hupiga magoti kumsalimu mtu mzima, lakini mama yangu hajawahi. Alikuwa akisema magoti yake yalibaki Kenya. Siku ile aliyapata.

"Ni mzee wetu, hakujua, ssebo. Tutairudisha leo hii."

"Wapi? Naludisha wapi? Simama. Magoti hailudishi mulamula."

Akatoa kamba. Akaifunga kwenye mfenesi ulio juu ya kiwanja, akateremka nayo akiivuta, akaifunga kwenye kigingi karibu na njia ya chini. "Baba yangu naniambia hivi: anzia fenesi, shuka moja kwa moja. Kira mutu najua."

Kamba ilipita ndani ya jiko letu. Iliingia kwa mlango na kutokea dirishani, juu ya tanuri.

Mwenyekiti wa kijiji aliletwa. Ni mtu mfupi anayependa kusikiliza amefumba macho, mpaka unadhani amelala. Akamwomba nyanya aonyeshe alikochimba. Nyanya akaonyesha mahali. Halafu akasema hapana, hapa. Halafu akasimama. Kuku wa mtaa na yule wa nyanya walikuwa wameoga vumbi pembeni pote na kuchimbachimba vishimo kama risasi zilipita, na shimo la jembe na shimo la kuku yalikuwa yamefanana.

Hapo nikaingilia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Mwenyekiti, makaayi yangu yalikuwa yamefuata mulamula. Yako chini hapo. Na mzee alikuwa akija kuniomba. Mtu haombi cha kwake."

Watu waliokuwa wamekusanyika wakaguna. Mwenyekiti akafumbua jicho moja.

"Naomba, ndiyo," jirani akasema. "Lakini nasimama wapi? Sungura nakula kwa watu wengi. Mimi sipimi. Na mizizi iko kira mahali, hii yote ilikuwa kisitu."

"Hayo maua," mwenyekiti akaniuliza, "yanamea tena?"

"Yanamea. Mvua ikinyesha tu."

"Una hakika?"

Nina jibu la kila kitu. Waulize walimu wangu. Lakini nilifungua kinywa nikaona kwamba sijui. Yalimea mwaka wa kwanza, yakamea wa pili, ila miaka hiyo hakuna aliyeyavunja shingo na kuyapaka kinyesi na majivu katikati ya jua.

"Yanamea," nikasema. Sauti ilitoka ya mtu mwingine.

Mwenyekiti akaamua. Mvua ije. Yakimea kwa safu, hiyo safu ndiyo shahidi. Yasipomea, kamba ya mzee inasimama. Mpaka siku hiyo hakuna kuchimba pembeni, hakuna kumwaga hata kikombe cha maji, asije mtu akaotesha mpaka wake. Na jiko lisiwashwe.

Kwa hiyo tanuri likapoa. Mama akahamia kando ya njia na sigiri moja ya mkaa. Sigiri moja haiwezi watu wa mwaloni, wale wanakuja kwa mkupuo na njaa ya usiku kucha. Wakasubiri siku mbili tatu, wakatania, halafu wakaanza kupita moja kwa moja wakielekea kwa mama mwingine wa chini. Mama alikuwa akiwasalimu wakipita. Jioni alikuwa akiingia kwenye jiko lililopoa, akalipangusa tanuri, akatoka.

"Likienda hili," aliniambia siku moja, bila kunitazama, "hatuna cha kukaa Kampala. Utamalizia shule Kakamega, kama utamalizia."

Nilitaka kusema kwamba Kakamega angalau hawataniita hoteli. Nikaumeza. Ilikuwa mara ya kwanza utani wangu kuwa mzito kumeza.

Nyanya aliacha kufagia. Ufagio ulikaa umesimamishwa ukutani kichwa chini. Alikuwa akikaa karibu na ile mikebe, akiipa mulamula maji kidogokidogo kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Nimewaletea kesi badala ya kuku," akasema.

"Kuku pia umeleta, nyanya. Ndiye aliyechimba ushahidi."

Hakucheka. Nyanya ambaye alinifundisha matusi yote ninayoyajua hakucheka.

Na mimi, niliyechagua ua lisilokunywa ili nisibebe jerikeni, sasa nilikuwa nikibeba. Nilipanda kile kilima na maji ya nyumbani, nikipita karibu na pembeni, na mkono ukiniwasha nimwage. Nusu jerikeni tu. Lakini jirani alikuwa ameweka kigoda upande wake, akikaa hapo na kofia yake tangu asubuhi, akitazama ardhi tupu. Mimi nikitoka shule nakaa upande wetu, natazama ardhi hiyohiyo. Ungesema tunaangalia mpira na timu zimekataa kuingia uwanjani.

"Muwala," alinisemesha siku moja, "hata mimi sipendi hii."

"Basi toa kamba, mzee."

"Mimi nikitoa, kesho watoto wangu naniuliza, baba, aldhi iko wapi? Nawaambia nini? Sungura nakula?"

Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza.

Mawingu yalikuwa yakikusanyika juu ya ziwa kila adhuhuri, yanajaa, yanakuwa meusi, halafu yanapelekwa kwingine. Tulikuwa tukisikia radi upande wa Port Bell. Wenzetu wa Luzira walikuwa wananyeshewa, sisi tunapata upepo na mifuko ya plastiki. Mama aliyaangalia mawingu kama mteja aliyekula akaondoka bila kulipa.

Ilinyesha mchana, niko darasani. Ilianza kwenye mabati kwa kishindo mpaka mwalimu wa biolojia akaacha kusema, na mimi nikapiga yowe. Nilipewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya vyoo. Nilifyeka nikiimba.

Halafu ndipo ubaya halisi ulipoanza. Baada ya mvua ardhi huotesha kila kitu. Zikatoka nyasi. Zikatoka mbegu za nyanya zilizomwagwa na maji ya vyombo. Halafu yakatoka makaayi madogomadogo, na moyo wangu ukaruka, kisha ukaanguka, kwa sababu yalitoka kila mahali. Upande wetu, upande wake, mpaka mlangoni mwa banda la sungura. Mbegu za miaka yote zilikuwa zimepeperuka na kulala zikisubiri. Safu haikuwepo. Palikuwa na mkeka.

Jirani alisimama na kigoda chake mkononi. Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mupaka yako nazaa!"

Mama alitazama, akaingia ndani, nikasikia akifungua sanduku la nguo. Hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akianza kukunja.

Nilipiga magoti mimi sasa, si kwa heshima, kwa kutafuta. Nilikagua pua ikigusa udongo, bila kugusa kwa mkono, maana jirani alikuwa akitazama. Miche ya mbegu ilikuwa na shina moja jembamba na vijani viwili vitatu. Niliyotaka mimi ni fundo. Siku hiyo hakuna. Kesho yake hakuna. Nikaanza kufikiri kwamba nyanya kweli aliyaua, na kwamba nilimdanganya mwenyekiti mbele ya watu wote.

Asubuhi nyingine, kabla ya shule, niliona gamba la kinyesi na majivu limepasuka kama mkate. Chini yake palikuwa na vichwa vyekundu vilivyokoza, vinene, vimebanana kama watoto wanaogombea dirisha. Havikuwa vijani viwili. Vilikuwa vingi, kutoka mahali pamoja. Nikasogea. Fundo jingine. Halafu pengo, lile lilikufa kweli. Halafu jingine. Sikwenda shule.

Mwenyekiti alikuja na watu walewale waliokuja mara ya kwanza. Nikaeleza: mche wa mbegu ni huu, fundo la zamani ni hili. Jirani akatikisa kichwa.

"Maneno. Chimba moja, tuone. Na mimi nachagua."

Akatembea juu na chini, akachagua lililokuwa karibu kabisa na ukuta wa jiko. Lilikuwa dogo kuliko yote, vichipukizi vitatu tu vya kusikitisha. Kama lingekuwa la mbegu, safu yangu yote ingekuwa uongo, na pale ndipo kamba ilipotaka kuingilia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya kanga. Nyanya alikuwa amefumba macho.

Nilichimba kwa panga, kisha kwa vidole. Udongo ulikuwa bado mgumu chini. Mzizi ukakataa kwisha. Ulikuwa mnene kama kidole gumba cha nyanya, mweusi, umejikunja kukwepa jiwe, na juu yake, kando ya vichipukizi, palikuwa na vishina vikavu vya kijivu vilivyovunjwa.

Nyanya akafumbua macho. "Huo mvunjo ni wangu," akasema. "Mimi huvunja nikizungusha."

Jirani akauchukua ule mzizi, akaugeuza, akaugusa pale palipovunjika. Alikuwa anajua mafundo kuliko mwenyekiti. Alikata majani yake miaka yote.

"Ni ya zamani," akasema, na akaifungua kamba yake mwenyewe kutoka kwenye kigingi.

Mwenyekiti akaweka vijiti kwenye kila fundo lililo hai, akavuta kamba upya. Ikapita nje ya jiko. Nafasi iliyobaki ilimtosha kuku kupita, kama hajala. Mama akatoa pumzi niliyodhani aliivuta tangu kiangazi. Lakini kamba haikuishia hapo. Iliendelea kuteremka, fundo hadi fundo, ikafika bafuni kwetu, lile la mabati ambalo mama alijenga baada ya jiko, na ikaikata kona yake safi kama kipande cha keki.

Kila mtu aliona. Nilitaka sana kuwa mjinga wakati ule. Shahidi alikuwa wangu.

"Bafu langu limevuka," mama akasema.

"Nilijua kitu navuka," jirani akajibu taratibu. "Sikujua ni hiyo."

Tulibomoa kona siku hiyohiyo. Jioni nyanya akatoa mulamula kwenye mikebe. Jirani akashika mti, nyanya akafukia, mwenyekiti na watu wakatazama, kama inavyotakiwa. Kwenye mti wa mwisho jirani akasimama, akayatazama majani yanayong'aa.

"Jjajja," akamuuliza nyanya, "mupaka napakwa mafuta?"

"Mpaka ukija kwangu unaoga," nyanya akamjibu.

Akacheka yule mzee. Halafu nyanya naye. Mama hakusikia. Alikuwa ameshaingia jikoni, na moshi wa tanuri ulikuwa unatoka dirishani, mzito, wenye unyevu wa siku nyingi.

Makaayi yamechanua tena sasa. Jirani hasimami tena upande wake na kisu. Huzunguka hadi njiani, akabisha hodi, akangoja nimwambie akate. Bafu letu lina pembe tatu na pazia la gunia pale pa nne, nami nikijisugua mgongo, kiwiko changu cha kulia bado kinavuka kwake. Hajalalamika.